Jina Langu Kwenye Shaba

Siku ya tatu kazini nilikuwa nimeshajua kusoma majina kinyume. Karakana yetu ilifanya kazi hivi: bamba la shaba lililazwa kifudifudi juu ya mkanda mnene wa mpira uliotupwa na mgodi, fundi akaligonga kwa nyuma kwa patasi butu, na upande wa mbele herufi zikainuka kama mishipa kwenye mkono wa mtu aliyebeba mzigo. Kwa kuwa zinagongwa kutoka nyuma, lazima zichorwe kinyume. Kazi yangu ilikuwa kuinama juu ya kila bamba kabla ya pigo la kwanza la nyundo na kutaja herufi moja moja kwa sauti, kutoka kulia kwenda kushoto, huku fundi mkuu akifuatilia kwenye orodha yenye muhuri. Herufi moja ikigongwa na kosa, bamba zima lilirudi motoni kulainishwa na kunyooshwa upya.

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotaka watu wajue. Asubuhi nilishuka kutoka mtaa wetu wa Kikula karibu nikikimbia.

Tulikuwa tunatengeneza sehemu ya ukumbusho wa taifa. Kinshasa, tuliambiwa, kutakuwa na ukuta mrefu, na ukutani majina ya wanajeshi waliokufa katika vita vya mashariki. Hivyo ni vita ambavyo hapa Likasi kila kinyozi ana maelezo yake. Wa kwanza atakwambia ni ulinzi wa nchi, wa pili ni biashara ya madini, wa tatu anaapa kwamba vijana waliuzwa kabla hawajashuka kwenye ndege. Kuna mtu huko juu aliamua majina yaandikwe kwenye shaba ya Katanga, na kwa kuwa mji wetu una mafundi wa kugonga shaba tangu zamani, wale wanaotengeneza picha za tembo na za wanawake wanaotwanga kwa ajili ya wageni, mabamba kadhaa yakaletwa kwetu.

Mimi nilianza kuuliza tangu saa ya kwanza.

“Papa, nani aliamua nani aingie kwenye orodha?”

“Benye kuandika orodha,” fundi mkuu alinijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mipana, asiyeweza kukaa dakika mbili bila kumtania mtu.

“Na waliopotea? Na raia waliokufa hapohapo? Wao ukuta wao uko wapi?”

“Lisansie,” alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa sababu nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na sikuwa na kazi nyingine. “Weye unauliza kama polisi na unafanya kazi kama mugonjwa. Soma.”

Nikasoma. Lakini sikuwa nimekwenda pale kwa kupenda shaba. Nilikwenda kwa sababu orodha ingepita mbele ya macho yangu, na nilitaka kuhakikisha mwenyewe kwamba yaya yangu hayumo.

Yaya, ndivyo tunavyomwita hapa ndugu mkubwa, alinitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Shuleni mimi nilimpita. Mtihani wa taifa aliufanya mara mbili akashindwa, mimi nikaufaulu mara ya kwanza, na mwaka huohuo akajiunga na jeshi. Alikuwa akitupigia simu kutoka mashariki, na baada ya kuzungumza na mama aliomba apewe mimi. Maswali yake yalinishangaza. Asilimia zinapigwaje hesabu? Barua kwa mkubwa inaanzaje, inamalizwaje? Nilimcheka. “Yaya, huko mko vitani au mko darasani?” Naye akacheka, kisha akauliza tena, polepole, kama mtu anayeandika.

Miaka mitatu iliyopita mama alipokea simu ya mtu mwingine. Huyo alisema ni mwenzake wa kikosi, mtu wa Kapolowe, na kwamba yaya amekufa, wamemzika hukohuko. Mama alikwenda kwenye ofisi zote zinazohusika, nami nilikwenda naye. Kila mahali mtu alipekua vitabu vyake akatuambia jambo lilelile kwa upole: mwanajeshi mwenye jina hilo hatumjui. Hakuwahi kuandikishwa. Hayupo.

Kutokana na hilo nilijenga nadharia yangu yote. Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuninyamazisha mezani. Nilisema wanawafuta wafu ili wasiwe wengi. Nilisema ukumbusho wowote utakaojengwa utakuwa uongo unaong’aa. Mama alinisikiliza huku akichambua mboga ya lengalenga, na hata siku moja hakunijibu. Nilidhani ni huzuni.

Jambo moja tu ndilo alilolitaka: jina la mwanawe litajwe na mtu mwenye muhuri. Bila hilo, hata kilio hakingefunguliwa. Kaka wa baba yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshatoa msimamo wake kufuatana na desturi ya watu wao waliokuja kutoka Kasai kufanya kazi migodini. Bila mwili, bila nguo ya marehemu, bila neno la aliyemtuma, huwezi kukalisha watu chini walie. Utamlilia mtu halafu arudi? Kwa hiyo kwa miaka mitatu hatukukaa msiba. Sahani ya yaya ilibaki kabatini na zile nyingine, na mama aliiosha kila Jumamosi.

Basi siku ya tatu, saa nne asubuhi hivi, umeme wa bwawa la Mwadingusha ukiwa umekatika na sisi tukiwa tumesogeza meza mlangoni kufuata mwanga, niliinama juu ya bamba la saba. Cheo kwanza, kisha majina. Ukitaja herufi moja moja husikii jina. Unasikia herufi tu. Nilitaja ya kwanza, ya pili, nikaendelea hadi mwisho wa mstari, nikavuta pumzi nihamie mstari unaofuata.

Fundi mkuu hakusema “iko sawa”.

“Rudia,” alisema.

Nikarudia. Mama mmoja aliyekuwa akichora herufi kwenye meza ya pili aliacha kalamu yake.

“Eh, lisansie,” fundi mkuu alisema. “Ile ni jina yako.”

“Jina gani?”

“Ile unasoma. Jina yako yote, na ya baba yako, na ile ya kubatizwa. Angalia mwenyewe.” Akanigeuzia orodha. “Weye ulikufa lini, bwana? Juzi nilikupatia mukate ukakula.”

Watu walicheka, mimi pia nilicheka. Kisha nilisoma sehemu nyingine ya mstari kwenye orodha: kikosi ni kilekile, mwezi wa kifo ni uleule, mahali ni palepale alipopataja yule mtu wa Kapolowe kwenye simu. Nikasikia damu ikinipanda masikioni. Kilichonipanda kilikuwa furaha, naona haya kidogo kukiri, furaha ya mtu aliyepiga hesabu mwaka mzima na jibu limetokea mahali ambapo hakulitafuta. Yaya yumo! Wamemhesabu! Alikuwa kwenye vitabu vyao siku zote, kwa jina langu.

“Papa, usigonge ule mstari,” nilisema.

“Lori linaondoka Jumamosi asubuhi.”

“Leo ni Jumatano. Niachie ule mstari mmoja.”

Alinitazama, akatazama bamba. “Nitalifanya la mwisho. Ijumaa saa tisa nagonga. Nitagonga kile kiko na muhuri, hata kama ni weye. Unasikia?”

Nilisikia nikiwa tayari barabarani.

Mama alikuwa uani, amekaa mbele ya beseni la samaki waliotoka ziwa Tshangalele, anawapasua. Sikuketi. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, na nilitegemea ashangae. Hakushangaa. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

“Minye njo nilimupatiaka,” alisema.

“Ulimpa nini?”

“Diploma yako. Na karatasi ya kuzaliwa. Kule kwa kuandikisha balitaka muntu mwenye kumaliza shule ju awe na cheo kidogo. Yaya yako alipiga magoti hapa, hapa pale weye unasimama. Akasema, mama, yeye anaenda kwa université, ataomba nyingine, batamupatia. Na ni kweli balikupatia.”

Ni kweli walinipatia. Nilikumbuka miezi miwili ya kutafuta ile diploma, nikigeuza godoro, nikimlaumu yaya kwa kutotunza vitu, naye akinisaidia kutafuta chini ya kitanda.

“Mama! Miaka mitatu tunakwenda kwenye ofisi zile. Miaka mitatu nasema wamemfuta. Kwa nini hukuwapa jina langu?”

“Ningesema namna gani? Mutoto yangu aliingia na karatasi ya wizi? Banamutosha kabisa mu orodha yabo. Na tena bangekukamata weye.” Akashika kisu tena, akakiacha tena. “Na nilikuwa na woga ingine. Kuita jina yako kati ya batu benye kukufa, na weye uko muzima. Nilikuwa na batoto babili. Moja alikufa. Ile jina niliiachia weye.”

Maneno mengi yalinijia na yote yalikuwa ya hasira. Lakini ghafla nikakumbuka zile simu. Asilimia. Barua kwa mkubwa. Nikakaa chini kwenye kigoda, mbele ya samaki. Yaya alikuwa amepewa cheo cha mtu aliyemaliza shule, kwa hiyo alimaliza shule kwa simu, akijifunza kutoka kwangu, huku mimi nikimcheka.

“Kesho tunakwenda ofisini,” nilisema.

“Na kama banamufuta?”

“Hawatamfuta.” Sikuwa na uhakika wowote.

“Weye unasemaka kila siku Leta, serikali yote, ni baongo. Leo unabaamini?”

Nilichukua kisu cha pili tukapasua samaki.

Asubuhi ya Alhamisi tulifika kwenye ofisi ndogo ya mji iliyopewa kazi ya kuhakiki majina ya familia za huku. Aliyekuwepo ni mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na mbele yake faili zilizopangwa vizuri sana kwa meza ya serikali. Mama yangu alimsalimia akabaki amesimama na mkoba kifuani. Nikaeleza mimi. Nilipofika katikati, yule mama wa ofisi aliinua mkono.

“Ngoja. Mufu njo iko wapi?”

“Ni minye, mama.”

Akavaa miwani, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. “Pole sana,” alisema.

Mama yangu, ambaye hakuwa amelala, alianza kucheka, akajizuia, akacheka tena mpaka akajifunika uso kwa mkoba. Yule mama wa ofisi alimsubiri amalize. Kisha akasema, si kwa ukali:

“Bamama ba huu muji! Munajua ni diploma ngapi ziko mu jeshi, na benyewe benye kusoma bako kwabo banakula bukari? Mwezi huu muko si ba kwanza. Kaa, mama.”

Alikuwa na utaratibu. Mama aandike tamko lake kwa mkono wake. Mimi, mwenye jina, nithibitishwe kuwa hai, na hati ya kuwa hai niisaini mbele yake. Picha ya marehemu akiwa na sare. Na mtu mmoja aliyetumika naye aje mwenyewe, atazame picha, aseme ni huyu. Vyote kabla ya Ijumaa saa sita, kwa sababu baada ya hapo anafunga daftari.

“Na tukishafanya hayo, hatafutwa?” niliuliza. “Kwa sababu aliingia kwa jina lisilo lake.”

“Kijana, minye sihesabu majina. Nahesabu batu. Muntu alikufa, ao hakukufa?”

“Alikufa.”

“Basi leta mwenye kumuona.”

Namba ya yule mtu wa Kapolowe mama alikuwa ameiandika nyuma ya kitabu chake cha sala. Tulipiga tukiwa bado mlangoni. Iliita mara nyingi, nikaanza kukata tamaa, halafu sauti ikasema kwamba iko shambani, na kwamba kama ni habari ya huyo mtu, nije hata sasa hivi.

Sijawahi kupenda barabara ya kwenda Kapolowe kama siku ile. Nilipakiwa kwenye pikipiki na jirani yetu, upepo ukitupiga vumbi la malori ya madini, nami nikipiga kelele za maswali kwenye kisogo chake: je, ukuta unaweza kuwa na maana hata kama vita havina? Je, jina likiandikwa, linamsaidia nani? “Shikilia muzuri!” ndilo jibu alilonipa kila mara.

Mtu yule alikuwa nyuma ya misheni, kati ya matuta ya kabichi, anamwagilia kwa ndoo iliyotobolewa. Alikuwa na umri wangu au chini kidogo, na alichechemea. Niliposema mimi ni mdogo wake marehemu, aliweka ndoo chini akanishika kwa mikono miwili, kisha akataja jina. Jina langu. Akalitaja kwa sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kulitaja nayo mbele yangu.

“Ule muntu!” alisema. “Mu kikosi yote yeye njo alikuwa mwandishi yetu. Kila muntu mwenye alitaka kuandikia bibi yake, kamanda mwenye alitaka raporo, banaenda kwake. Alikuwa anasema, ngoja kesho, nifikirie muzuri. Anaenda pembeni na telefone. Kesho barua inatoka, unalia.”

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa wakati mmoja. Kila barua aliyoitaja ilikuwa imepitia kwangu. Aliendelea kunisimulia, na katika kila sentensi mtu mwenye jina langu alifanya jambo ambalo mimi nisingeweza: aliimba kwaya akiwa na malaria, aligawa sardini moja kwa watu watano na akawafanya wamshukuru mpishi. Alikufa akienda kuchota maji. Bomu lilianguka kando ya kijito. Hakukuwa na mapigano siku ile. Ilikuwa zamu ya mtu mwingine.

“Zamu ya nani?”

Akatazama mguu wake.

“Na walikuwa pale kwa ajili ya nini?” niliuliza. Sikuweza kujizuia. “Mlikuwa mnalinda nini?”

“Kilima,” alisema. “Tulikaa pale miezi mine. Kiisha balituambia tushuke. Unaniuliza ju ya nini? Uliza benye balitutuma, na kama banakujibu, kuya uniambie na minye.”

Nikamweleza sasa jambo la jina. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akarudi nyuma hatua moja, kama mtu niliyemtukana.

“Hapana. Minye sitasaini ile.”

“Kwa nini?”

“Munataka kumubadilisha. Siku moja minye nitafika kule kwa ule ukuta. Na benzangu batafika. Tutamutafuta kwa jina gani? Ile ingine ya kwenu minye siijue. Ule muntu mwenye alienda kuchota maji pa fasi yangu—” Alisimama hapo. Ndipo nikaelewa zamu ilikuwa ya nani. “Nilimuitaka vile. Mara ya mwisho nilimuitaka vile.”

Tulisimama kati ya kabichi. Nilikuwa na hoja tano za chuo kikuu kuhusu ukweli na kumbukumbu, na zote zilikuwa upande wa mama. Lakini nilipomtazama usoni nikaona kwamba hata yeye ana haki yake, na kwamba saa zinakwenda.

“Twende wote,” nilisema. “Umwambie mama yake mwenyewe. Ukimshinda, mimi nakubali kubaki mfu.”

Alifikiri. “Ule mama iko muntu wa fujo?”

“Sana.”

“Yaya yako alisemaka hivyo.” Akaenda kubadilisha shati.

Alilala kwetu. Mama alimpikia bukari, ugali wetu, na wale samaki, akamwangalia akila kila tonge, na hawakuzungumzia jina hata kidogo. Lakini asubuhi ya Ijumaa, mbele ya meza ya ofisi, walianza wote wawili kwa pamoja. Mama alisema hakuzaa diploma, alizaa mtoto, na mtoto huyo alimpa jina la baba mkwe wake. Mwenzake yaya alisema hajui jina la baba mkwe wa mtu, anajua nani alimbebea bunduki siku ya homa. Mama akamwita mutoto mbaya. Yeye akamjibu kwa kumwita mama. Kwa dakika chache hakuna aliyekumbuka kwamba mimi nipo, na nilishangaa jinsi nilivyokuwa na furaha, nikiwatazama watu wawili wakimgombania yaya yangu baada ya miaka mitatu ya kuambiwa hayupo.

Mama wa ofisi aligonga meza kwa muhuri wake.

“Mumemaliza? Kwa karatasi zetu, muntu akiwa na jina ya nyumba na jina ya njia, tunaandika zote. Jina yenye mama yake alimupatia, kwanza. Kiisha ‘aliyeitwa’. Kiisha ile ya ubatizo tu ya huyu mufu yetu hapa, ju benzake bamupate. Mama, unakubali?”

Mama alimtazama yule kijana, akamgeukia mama wa ofisi. “Ile ya kwanza ni yangu?”

“Ni ya kwanza.”

“Basi.”

Naye mwenzake yaya alitazama picha yenye sare, akaiweka mezani, akasema ni huyu, akasaini. Mimi nikasaini kwamba niko hai. Muhuri ukapigwa saa tano na nusu.

Tulifika karakanani kwa miguu, mama akiwa mbele. Fundi mkuu alisoma karatasi, akaisoma tena, akanigeukia.

“Lisansie! Umeleta mustari mrefu kama treni. Hii bamba haina nafasi.”

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilitazama bamba lenye mistari iliyopangwa sawa. Mama aliuliza shida ni nini, na fundi akamweleza, akishika herufi kwa kidole: hapa linaishia, hapa ni ukingo, huwezi kugonga nje ya ukingo.

“Na ukibananisha?” mama aliuliza. “Kama batu ku misa ya Noeli?”

Yule mama mchoraji wa meza ya pili alishacheka na kuchukua kalamu. Alichora herufi nyembamba, moja baada ya nyingine, akafuta, akachora tena. Jina la nyumbani liliingia lote. “Aliyeitwa” ikaingia. Jina langu la ubatizo likafika ukingoni likasimama pale, herufi ya mwisho ikiwa imebanwa. Nikainama nikataja herufi kwa sauti, na safari hii fundi mkuu hakunitania.

“Iko sawa,” alisema, na akaanza kugonga.

Mama hakukaa. Alisimama karibu kiasi kwamba fundi alilazimika kumwomba mara mbili asogeze kitenge. Bamba lilipogeuzwa, aliweka kidole kwenye mwanzo wa mstari akasoma kwa taratibu, kama asomavyo kitabu chake cha sala, silabi kwa silabi. Alipomaliza jina la nyumbani hakuendelea. Mwenzake yaya, aliyekuwa nyuma yake, ndiye aliyesoma sehemu iliyobaki.

Kisha mama akaniambia nitafute karatasi.

Fundi mkuu alielewa kabla yangu. Alilaza karatasi nyembamba juu ya mstari, akaisugua kwa kipande cha mkaa, na jina likatokea jeusi kwenye weupe. Akaipuliza, akanikabidhi.

“Peleka kwa baba yako mukubwa,” mama alisema. “Umwambie anafungua kilio leo. Na unapita kwa kila muntu njiani, unabaambia. Anza.”

Nilitoka mbio. Nilisimama kwa muuza mkate, kwa fundi wa viatu, kwa majirani wa kona, na kila mahali nilisema, yaya amekufa, njooni, na kila mahali mtu alinitazama kwa mashaka.

“Yule wa jeshi? Si alikufaka zamani?”

“Ndiyo. Njooni!”

“Na weye ju ya nini unacheka?”

Sikujua kwamba ninacheka. Nilijaribu kuacha, nikashindwa, nikaendelea kukimbia nimeshika ile karatasi mbali na jasho langu. Bado sikuwa na jibu la kile kilima, wala miezi minne, wala nani alisema washuke na kwa nini. Nilikuwa na maswali hayo yote, yakikimbia pamoja nami, na nilijua yataendelea hata baada ya lori kuondoka.

Baba mkubwa alikuwa barazani na redio. Hakupenda kelele zangu, akanyoosha kiganja kabla sijasema neno. Nikaiweka karatasi juu yake. Aliisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole chini ya jina la kwanza, ambalo lilikuwa la baba yake, akapita kwenye la pili, akafika kwenye langu. Hapo kidole kilisimama, akaniangalia, akarudi kwenye karatasi.

“Nani aliandika?”

“Serikali yenyewe. Orodha yao ina muhuri. Shaba inakwenda Kinshasa kesho.”

Alizima redio. Aliikunja karatasi mara moja tu, kwa uangalifu, ili mkaa usifutike, akaitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo. Kisha akaita ndani aletewe viatu, na viti vyote vilivyo ndani ya nyumba.

“Enda mbele,” aliniambia, akiinama kufunga kamba. “Ambia mama yako aanze kulia. Tunakuya.”